Chumba cha Pili Kushoto

Sentensi niliyotakiwa kuiandika ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mji wetu ulianzishwa na Wakwekeri, wale Wakristo wanaojiita Marafiki, kwamba Wakwekeri hao hawapo tena, na kwamba yamebaki majina yao kwenye vibao vya mitaa. Mhariri wangu aliipenda. Alisema ina huzuni kidogo, lakini si huzuni ya kumkimbiza mtu anayetafuta nyumba. Mimi niliisoma mara nyingi nikiwa mezani jikoni kwetu, na nyuma yangu Mkwekeri mmoja asiyekuwepo alikuwa akikanda unga wa chapati.

Mkwekeri huyo ni mama yangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimekaa miezi minane bila kazi, kisha nikapata mkataba wa miezi sita katika kampuni ndogo inayochapisha vitabu vya mwongozo kwa familia zinazotaka kuhama Toronto kwenda miji ya pembeni. Kila mji ulipewa kurasa mbili: shule, bustani, muda wa treni hadi katikati ya jiji, na kisanduku kidogo chini kilichoitwa "Mizizi". Nilikuwa nimeshaandika miji minne. Nilipopewa wetu niliwaza siku tatu kama ni mtego. Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia "asante" bila nukta mwishoni, naanza kutafuta kosa nililofanya. Mkataba ulikuwa unakaribia kwisha, na mhariri alikuwa amedokeza kwamba wataongeza mwaka mzima kwa mmoja tu, mimi au mwandishi mwenzangu. Kwa hiyo kila nilichoandika nilikiona kama mtihani.

Mji wenyewe si mgumu kuueleza. Uko mashariki mwa Toronto, kando ya Ziwa Ontario, na si mkubwa wala si mdogo. Asubuhi nusu ya watu wanapanda treni kuuacha, na jioni wanarudi wakiwa wamelala na midomo wazi. Barabara kuu ya 401 inaukata vipande viwili kama mkate. Kusini kuna ghuba yenye mabata bukini wakali kuliko mbwa, na kuna kinu cha nyuklia ambacho tumekizoea kiasi kwamba tunakipiga picha jua linapochomoza. Sisi tunaokaa karibu tumepewa vidonge vya madini joto vya kukinga mionzi, tuviweke nyumbani endapo litatokea la kutokea. Mama ameviweka kwenye droo moja na Biblia. Kaskazini kuna nyumba mpya zinazofanana hata wenyewe huingiza funguo mlango usio wao. Katikati, karibu na mto, ndiko kulikokuwa na kijiji cha Marafiki wa mwanzo, waliokuja miaka mia mbili na zaidi iliyopita kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe tangu zamani. Walijenga vinu vya kusagia ngano, shule, na nyumba ya ibada ya matofali mekundu.

Nyuma ya nyumba hiyo kuna makaburi. Mawe yake ni mafupi, yanalingana, na mengine hayana jina hata moja, kwa sababu wazee wale waliona jina kubwa juu ya kaburi ni majivuno ya mwisho ya binadamu. Nimeyapenda makaburi hayo tangu utotoni. Ndiyo sababu humu sitaji jina la mtu, wala la mji. Anayeujua ataujua.

Mama alihamia hapa kwa makosa. Au tuseme alihama kwa kuamini kitu ambacho mtu mwingine yeyote angekiuliza mara mbili. Tulikuwa tunakaa Etobicoke, upande wa magharibi wa Toronto, ghorofa ya kumi na nne, sisi watatu: yeye, mimi na mdogo wangu. Mama alifanya kazi ya kuhudumia wazee. Siku moja, katika darasa la wageni kwenye maktaba, mwalimu alieleza historia ya miji ya jirani, akasema kuna mmoja huko mashariki ulioanzishwa na Marafiki. Mama yangu amezaliwa magharibi mwa Kenya, ambako Kanisa la Marafiki liko kila kilima, lina shule, hospitali, kwaya, ngoma, na akina mama wenye sare na vitambaa vya kichwa vilivyopigwa pasi hadi vinasimama vyenyewe. Kwake, mji ulioanzishwa na Marafiki ulikuwa mji wa Marafiki. Hakuuliza ulianzishwa lini. Alihama kama mtu anayerudi kwao.

Jumapili ya kwanza alivaa sare. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilibeba hotipoti ya chapati kwa sababu mgeni haendi mikono mitupu. Tulifika kwenye ile nyumba ya matofali. Ndani kulikuwa na wazee saba, wazungu wote, wamekaa kwenye mabenchi yaliyotazamana. Hakuna mimbari. Hakuna mchungaji. Hakuna aliyesema kitu. Tukakaa.

Dakika kumi zikapita. Mama akaangalia mlango, nadhani akimsubiri mchungaji aliyechelewa. Dakika ishirini. Mzee mmoja alikuwa amefumba macho. Mdogo wangu aliniuliza kwa sauti kubwa kama yule mzee amekufa. Nusu saa. Nikaona uso wa mama ukibadilika, ukapata uamuzi. Kwetu mgeni huitwa asimame asalimie kanisa. Mama alikuwa amehitimisha kwamba watu hawa wenye adabu walikuwa wanatusubiri sisi.

Akasimama. "Bwana asifiwe!"

Kimya.

"Bwana asifiwe tena!"

Kimya. Mama hakutetereka. Akasalimia kwa niaba ya kanisa la nyumbani, akaeleza tulivyosafiri, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mji huu, akaomba radhi kwa kuchelewa kujitambulisha. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyeitikia na hakujua namna nyingine ya kumaliza, akaanzisha wimbo. Akaimba beti zote, akipiga makofi. Mdogo wangu msaliti akaitikia. Mimi nilihesabu mbao za sakafu. Zilikuwa thelathini na moja, na hadi leo naweza kukuonyesha ile yenye ufa.

Alipokaa, kimya kikarudi mahali pake kana kwamba hakijatoka. Baada ya muda wazee wawili wakapeana mikono, na hiyo ikawa ndiyo alama kwamba ibada imekwisha. Bibi mmoja mwenye sweta lililotiwa viraka viwikoni akaja moja kwa moja kwa mama. Akamuuliza kwa upole sana kama ni Roho aliyemsukuma kusema.

Mama akashtuka. "Hapana! Ni heshima tu. Mgeni husalimia."

Yule bibi alicheka mpaka akalazimika kukaa. Ndipo alipotueleza kwamba kwao watu hukaa kimya, na husimama kusema yule tu anayeona ametumwa. "Na hapa," akasema, "tumesubiri mtu atumwe tangu majira ya baridi."

Tukala chapati. Tangu siku hiyo tunamwita Nyanya.

Mimi sikuisamehe siku hiyo kwa miaka mingi. Shuleni niliposikia neno Wakwekeri nilinyamaza. Wenzangu Wakenya wa makanisa mengine walinitania: "Nyinyi kanisa gani, hambatizi kwa maji, mnaogopa baridi?" Wazungu nao walidhani Mkwekeri ni yule mzee wa kofia aliyechorwa kwenye kopo la uji wa dukani. Ilikuwa rahisi kusema mama yangu ni wa dini, basi.

Wazee wale saba wakapungua mmoja mmoja, kama wazee wanavyopungua. Jengo likapata wenyewe wengine. Akabaki Nyanya. Lakini wakati huo huo sisi tukawa tunaongezeka. Alikuja Mrundi mmoja aliyekulia kambini Tanzania, fundi katika kiwanda cha vipuri vya magari, Rafiki tangu babu yake, na mke na watoto watano. Sote tunamwita Mjomba. Wakaja Wakenya wawili wauguzi, wakaja na wenzao. Sasa tunakutana Jumapili saa nane mchana katika jengo la jamii lililo karibu na kituo cha treni, chumba cha pili kushoto, ukipita ukumbi ambao watu wanacheza mpira wa vinyoya. Nusu saa ya kwanza ni kimya, kwa ajili ya Nyanya. Saa nzima inayofuata ni nyimbo, kwa ajili yetu. Mjomba huitetea ile nusu saa ya kimya. "Mungu naye apumue," husema. "Wiki nzima tunamwomba."

Na mimi nina kazi yangu kanisani ambayo sikupewa na mtu. Wimbo wa kwanza ukianza, nainuka nakwenda kufunga mlango.

Basi ndiyo hiyo sentensi niliyokuwa nikiitazama jikoni. Nilimwandikia mhariri barua pepe kuipinga. Niliiandika mara kumi na moja. Niliondoa neno "lakini", nikalirudisha, nikaogopa kwamba "lakini" linaonekana na hasira. Hatimaye nilituma mistari mitatu: Wakwekeri bado wapo mjini, wanakutana kila Jumapili, naomba turekebishe.

Alinipigia simu ya video siku hiyo hiyo. Si mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mgonjwa nyuma yake kwenye kochi, na vitabu sita vya kumaliza.

"Una chanzo?" akauliza.

"Mama yangu."

"Chanzo kilichoandikwa," akasema.

"Kuna ratiba ya kufagia chumba. Imebandikwa ukutani."

Nilisema kweli, lakini alidhani natania, akacheka. Kisha akauliza ni watu gani hasa. Nikamwambia: Wakenya, Warundi, na bibi mmoja mzaliwa wa hapa. Nikaona amepata nafuu usoni, kama mtu aliyeona funguo zake zilipo.

"Aa, sasa nimeelewa. Hiyo ni jumuiya ya wahamiaji. Nzuri sana! Waweke ukurasa wa pili, kwenye kisanduku cha utamaduni na vyakula. 'Mizizi' ni waanzilishi."

"Ni kanisa lile lile," nikasema.

"Ndiyo, ila si watu wale wale." Akashusha sauti. "Usilifanye kubwa. Nataka kuendelea na wewe. Nitumie ukurasa Jumatatu."

Nilitikisa kichwa kukubali. Hiyo ndiyo aibu yangu na naiandika hapa ibaki. Nilitikisa kichwa, nikasema asante, nikafunga kompyuta, kisha ndipo hasira ikaja, imechelewa kama kawaida yangu. Kisanduku cha vyakula! Sina ugomvi na chapati za mama yangu. Lakini mtu aliyetafuta ukoo wa imani yake kwenye ramani, akahamisha watoto wake kwa ajili yake, akaingia katika kimya cha watu saba na kukisalimia, huyo hawekwi kati ya pilau na sambusa. Yule aliyekuja kwa gari la kukokotwa na ng'ombe anaitwa mwanzilishi, na sisi tuliokuja kwa ndege tunaitwa rangi na ladha. Nani alipanga hivyo? Wale wazee wenyewe, waliokataa hata jina juu ya kaburi, wangekubali kupewa kisanduku chao peke yao?

Jumapili nikalipeleka jambo kanisani. Marafiki hatupigi kura. Tukiwa na jambo tunakaa nalo hadi wote tuwe na nia moja, na kama mmoja hajaridhika tunaendelea kukaa, hata chai ikipoa. Nilieleza kila kitu: sentensi, kisanduku, mkataba. Mdogo wangu alimtafsiria Nyanya, ambaye Kiswahili chake ni cha salamu na chakula.

Mama alikuwa wa kwanza. "Hatupo? Kwani tulizikwa lini, na nani alipika?"

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. "Mwanangu, huyo mama mhariri amekuona?"

"Kwa video, Mjomba."

"Ulipomwambia kuna Wakwekeri, ulimwambia ni akina nani?"

"Nilimwambia Wakenya, Warundi, na Nyanya."

"Na wewe?"

Nilirudi nyuma katika ile simu neno kwa neno, maana mazungumzo yangu yote huwa nayahifadhi ili yanitese baadaye. Nilisema mama yangu. Nilisema wao. Sikusema mimi hata mara moja.

"Basi usimlaumu sana," Mjomba akasema. "Aliuliza kama Wakwekeri wapo, na Mkwekeri mwenyewe akamwambia atazame kule."

Huko ukumbini vinyoya vilikuwa vinapigwa, pa, pa, pa. Nyanya akanyoosha mkono kuashiria kwamba anataka kusema. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, na kwa kuwa nilikielewa vizuri kiliniingia kabla ya tafsiri: amezaliwa mji huu, ameishi mji huu miaka themanini na kitu, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuja kumuuliza kama ameondoka.

Nikauliza, na sauti yangu ilikuwa nyembamba: "Kwa hiyo mnaniambia nikatae?"

"Hakuna anayekuambia," mama akasema. Alikuwa anatazama mikono yake, ile mikono iliyonyanyua wazee wa watu miaka yote nikiwa chuoni. "Kazi ni yako. Uliitafuta miezi minane, niliona. Ukiandika wanavyotaka, Jumapili utakuja na utakula. Sisi hatukutumi. Ila kwetu hatuapi, wewe unajua. Ndiyo ni ndiyo. Ukiandika kwamba hupo, itakuwa umesema."

Wakakaa nami. Sijui kama ni dakika tano au ishirini. Niliwaza kodi, niliwaza mwenzangu atakayepewa ule mwaka, niliwaza kwamba labda nafanya tamthilia juu ya kisanduku ambacho hakuna atakayekisoma, kwamba watu husoma muda wa treni tu. Niliwaza pande zote, na kila upande nilioufikia nilimkuta yule mama mwenye sare akisimama katikati ya kimya, bila aibu, kwa sababu ya adabu tu.

Jumatatu nilituma ukurasa. Kwenye "Mizizi" niliandika: Mji huu ulianzishwa na Marafiki. Marafiki wapo. Hukutana Jumapili saa nane mchana, jengo la jamii, chumba cha pili kushoto. Ukija, utaombwa usalimie. Na chini yake nikamwandikia mhariri: Mimi ni Mkwekeri na ninaishi mji huu, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba sipo. Kama sentensi ya zamani itarudi, naomba ukurasa uandikwe na mtu mwingine. Nilituma bila kusoma mara ya pili. Neno "Jumapili" lilikuwa limekosa herufi. Niliona baadaye, na kwa mara ya kwanza maishani nikaliacha.

Alijibu kesho yake kwa upole. Ukurasa ungepewa mwenzangu. Mkataba wangu ungeisha tarehe yake. Alinitakia heri. Nililia bafuni na bomba limefunguliwa, nikaosha uso, na kwa wiki kadhaa niliamka nikiandika kichwani barua ya kuomba radhi. Niliiandika vizuri sana, ile barua. Sikuituma, na mtu asiniambie kwamba ni kwa sababu niliogopa. Naujua woga, tumekua pamoja. Hiki kilikuwa kitu kingine.

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua. Mama alikikuta maktaba, akaja nacho kanisani. Wakati wa matangazo akavaa miwani, akatafsiri akiwa anasoma, kidole juu ya mstari: mji wa kiasi, bustani nyingi, treni kila nusu saa. Kisha ile sentensi, haijabadilika hata koma. Wakwekeri hao hawapo tena. Yamebaki majina yao kwenye vibao vya mitaa.

Akafunga kitabu. Watu wakatazamana. Mimi nikaanza kuwaza kama ningeongeza chanzo kingine, kama ningepiga simu badala ya kuandika.

Mjomba akainuka, akavuta suruali yake vizuri, akasema, "Haya, marehemu. Simameni tuimbe."

Kicheko kilichopiga chumba kile sijakisikia tena. Nyanya alikuwa anamvuta mdogo wangu shati, amesemaje, amesemaje, na alipoambiwa alishika fimbo yake akawa wa kwanza kusimama. Mama akaanzisha. Ulikuwa ule wimbo wa siku ya kwanza, nadhani aliuchagua makusudi. Huko ukumbini vinyoya vikaacha kupigwa.

Nikainuka kwenda mlangoni, kama kawaida yangu. Mchezaji mmoja alikuwa amesimama pale nje na raketi yake, jasho linamtoka, akitazama ndani. Niliushika mlango. Nikaufungua mpaka ukagusa ukuta, nikauwekea kiti usirudi, nikarudi kuimba.